Barua ya wazi kwa mnaosubiri mtoto wa kike: "Nitalizoea" si jibu

Wanangu na wajukuu zangu wa Kigoma, ninyi wa Mwanga, Gungu na Katubuka, na ninyi wa huku kwetu Ujiji, ambao mimba ina mwezi wa saba na jina la mtoto bado linawanunisha,

Salaam nyingi.

Juma lililopita walinijia kibarazani vijana wawili, mume na mke. Picha ya tumbo imeshaonyesha kuwa mtoto ni wa kike. Nikadhani wameniletea habari njema niinywee kahawa, kumbe wameleta kesi. Kijana anataka jina la marehemu mama yake. Binti naye ana jina alilolitunza tangu yuko kidato cha pili, aliliandika nyuma ya daftari la jiografia akalizungushia maua. Kila mmoja alitaka niseme kuwa haki ni yake. Sikusema. Niliwapa kahawa na kashata, nikawaahidi kuwaandikia. Na kwa kuwa najua hawako peke yao, nawaandikia nyote.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Kwa miaka 34 kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kufungua daftari la mahudhurio na kuita majina. Majina ya watoto nayajua kama muuza dagaa anavyoujua mchanga. Lakini hili ninalowaambia sikujifunza darasani. Nilijifunza nyumbani kwangu, kwa kukosea.

Mke wangu ni mzaliwa wa Ujiji, mimi Muha wa Kasulu. Mama yangu aliitwa Nyandwi. Kwa msiojua Kiha, Nyandwi ni mtoto wa saba kuzaliwa, kama Minani alivyo wa nane. Tulipojaliwa kifungua mimba wetu, msichana, mimi nilikuwa nimeshakata shauri moyoni. Mwenzangu alitaka Zuhura. Akaniuliza kwa adabu zake zote, "Mume wangu, mtoto wa kwanza ataitwaje wa saba? Hao sita wako wapi?" Swali zuri kabisa. Nililikasirikia kwa sababu sikuwa na jibu.

Siku ya saba tukafanya akika, mbuzi mmoja, kama ilivyo kwa mtoto wa kike. Wanaume tumeketi mkekani nje, wanawake wako ndani. Shehe akauliza jina. Nikatamka "Nyandwi" kwa sauti ya kutosha kuvuka pazia. Ndani kukawa kimya, kisha nikasikia sufuria ikiwekwa chini taratibu, taratibu mno. Usiku nikamuuliza mwenzangu kama amekasirika. Akanijibu, "Hapana. Nitalizoea."

Hakulizoea. Wala hakunigombeza hata siku moja, maana kugombana kungekuwa nafuu. Yeye alimwita Zuhura tu, na ndugu zake wakamwita Zuhura, na mtaa mzima ukafuata, kwa sababu mtoto mchanga hushinda na mama yake, hashindi na baba anayesahihisha madaftari. Mimi nikashikilia Nyandwi yangu. Mtoto alipoanza kutembea nikaona jambo ambalo hadi leo linaniuma: akiitwa Zuhura anakuja mbio, akiitwa Nyandwi anakuja polepole, huku anamtazama mama yake kwanza. Siku moja mgeni wangu kutoka Kasulu alimpakata akamuuliza, "Mjukuu wangu, unaitwa nani?" Mtoto alikuwa na miaka minne, mdomo wake haukuwa na breki. Akamwangalia mama yake, akaniangalia mimi, akaanza kuchezea kifungo cha shati la mgeni. Hakujibu.

Nilipokwenda masomoni, mama yake akamwandikisha shule. Mnajua alimwandikisha jina gani. Vyeti vyote vya shule vikasema Zuhura, na cheti cha kuzaliwa, nilichokifuata mimi, kikasema Nyandwi. Hayo yalilala miaka mingi, mpaka alipokuwa mama wa watu na anahitaji kitambulisho cha taifa. Karani alimuuliza bila ubaya wowote, "Sasa wewe ni nani hasa?" Binti yangu akasema, "Muulizeni baba yangu, yuko hapo kwenye benchi." Nilikuwepo kweli, nimeshika bahasha. Tukahangaika na viapo kwa wakili kwenda na kurudi, na fedha iliyotutoka sitaki kuihesabu.

Ndiyo maana nawaambia: hilo neno "nitalizoea" likitoka kinywani mwa mwenzako, simameni hapo hapo. Bado hamjapata jina. Na "sawa" yetu nayo muipime vizuri. Kuna sawa ya kukubali, kuna sawa ya kuchoka, na kuna "sawa tu", ambayo tafsiri yake ni "fanya unavyotaka, tutaonana mbele". Mwanamke mwenye mimba ya miezi minane aliyevimba miguu atakupa sawa tu saa nne usiku ili alale. Usiichukue hiyo ukakimbia nayo. Wanaume nao wanazo zao. Yuko anayejibu "chagua wewe, mimi sina neno," kisha siku mtoto akishapewa jina ndipo anakumbuka kuwa neno analo, tena refu.

Baba wa mtoto, nina neno na wewe peke yako. Hesabu. Kwa desturi yetu mtoto atabeba majina matatu: lake, lako, na la baba yako au la ukoo wako. Katika hayo matatu mawili tayari ni ya upande wako, na hukuyatokea jasho. Aliyembeba miezi tisa haandikwi popote kwenye hicho kifungu. Limebaki moja. Hilo moja ndilo shamba pekee mnalolima wote wawili, na wewe unataka kulifyeka peke yako asubuhi mapema kabla mwenzako hajaamka? Mimi nilifanya hivyo. Laiti mtu angenihesabia wakati ule.

Na wewe mama, usije ukatembea na hesabu hii kama rungu. Jina alilolipenda mama peke yake lina kasoro ile ile, isipokuwa anayemwita mtoto polepole safari hii ni baba.

Mtaniuliza, mbona wazee wetu hawakugombana hivi? Walikuwa na ujanja mmoja: hawakuchagua. Mtoto akizaliwa Ijumaa ni Mwajuma, Alhamisi ni Mwanahamisi, usiku ni Chausiku, mvua ikinyesha ni Mwamvua. Akiwa wa pili ni Pili, wa tatu ni Tatu. Kwetu Buha pacha wa kwanza ni Bukuru, wa nyuma ni Butoyi, na anayewafuata hao mapacha ni Chiza. Utamgombanisha nani na Alhamisi? Siku yenyewe ilikuwa mzazi wa tatu, na ndiyo yenye kauli ya mwisho. Ninyi mmepewa uhuru ambao sisi hatukuwa nao, na uhuru huo una gharama yake: inabidi mzungumze.

(Kulikuwa na majina mengine ya zamani ambayo siwashauri. Mtu ana ugomvi na jirani au na mawifi zake, anaupachika kwa mtoto: Tabu, Shida, Mashaka. Nimefundisha kina Tabu waliokuwa na furaha kuliko darasa zima. Lakini nimemwona pia Shida akiulizwa kila asubuhi na wenzake, "Shida, una shida gani leo?" mpaka akaomba niwe namwita jina la baba yake.)

Ndoa zetu za Kigoma ni za mchanganyiko, Muha na Mmanyema, Mbembe na Mgoma, msikiti na kanisa. Kwa hao wa msikiti na kanisa mlango haujafungwa: Mariamu yuko pande zote mbili, Hawa yuko, Sara yuko. Neema, Rehema, Zawadi na Furaha hayajawahi kumuuliza mtu anasali wapi. Ila msilichukue jina kwa kuwa halimuudhi mtu. Jina lisilomuudhi yeyote huenda halimfurahishi yeyote pia, na mtoto atalijua hilo katika sauti zenu.

Kumpa mtoto jina la bibi ni jambo jema na mimi si mpinzani wake, pamoja na yote niliyosimulia. Lakini fikirini matumizi. Baba aliyempa binti jina la mama yake humwita "mama", na kumkanya inakuwa kazi. Nani amchape mama yake? Mke naye, kama alilelewa kama sisi tulivyolelewa, halitaji ovyo jina la mama mkwe. Sasa mtoto kaingiza kidole kwenye mawese ya moto, mama anataka kupiga kelele na ulimi umefungwa na heshima. Kama wote wawili mlimpenda huyo bibi, heshima hiyo itakuwa tamu. Kama mmoja alimpenda na mwingine alimvumilia, ninyi wenyewe mnajua.

Kuhusu majina ya kwenye simu na tamthilia sina ugomvi nayo, ila nililipata daftari moja lenye Brittany watatu na hakuna wawili walioandikwa sawa. Mmoja wao, hadi anaondoka darasa la saba, bibi yake alimwita Biriti. Mchukulieni bibi kama kipimo: asipoweza kulitamka, jina hilo litapata la pili kabla wiki haijaisha.

Na kijana, ukitaja jina kwa mapenzi ya ghafla, ujiandae kuulizwa, "Huyo ni nani?" Kama yupo, lifute mwenyewe.

Wapo wanaodhani jina baya litabadilishwa baadaye, hakuna shida. Meli yetu ya Liemba, Wajerumani walipoishusha majini hapa Kigoma mwaka 1915 waliiita Graf von Götzen, jina la gavana wao wa zamani. Mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe isitekwe. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba, jina la zamani la ziwa lenyewe. Leo nani bandarini anamkumbuka Götzen? Lakini ilipita miaka kumi na mmoja tangu meli izamishwe ndipo ikapata jina jipya, na haikuwa na vyeti vya shule.

Binti yetu wa pili tulimtafutia jina kwa njia nyingine. Sharti alilitoa mwenzangu: kila usiku, wakati anachambua dagaa za kesho yake, mimi nitataja moja na yeye moja. Lisilopendwa na mmoja linaanguka, na haulizwi kwa nini. Hilo la kutoulizana kwa nini ndilo lililotuokoa, maana tukianza kutoa sababu tunaingia kwenye mama zetu. Yalianguka mengi. Nyandwi nililirudisha mara moja kwa utani, akanirushia kichwa cha dagaa. Usiku mmoja, tumenyamaza, yeye na ungo wake, mimi na taa ya chemli, mama mmoja barabarani akamwita mwanawe aliyechelewa kurudi kutoka kisimani: "Salamaaa!" Tukainua vichwa pamoja. Halikuwa kwenye orodha yangu wala yake. Hatukusema kitu. Mwenzangu akaendelea na dagaa huku akilitamka chini chini, Salama, Salama, kama anaonja chumvi ya mchuzi. Tangu usiku ule hakuna aliyetaja jina jingine.

Basi nanyi muyaite kwa sauti. Jina halichaguliwi kwa macho. Liite kama unamwita mtoto aliye mbali ufukweni na upepo unavuma. Liite kwa hasira, liite kwa kubembeleza saa nane za usiku ana homa. Litangulizie "Bibi" uone kama litamkaa akiwa na miaka sabini. Hapo ndipo mmoja wenu atajikuta anasitasita, na mwenzake amsikie.

Mashangazi watakuja na majina yao, hao hawazuiliki. Wapokeeni, wamwite hilo lao kama jina la nyumbani, mtoto hapungukiwi kitu kwa kuwa na jina la utani kwa shangazi. Kwenye karatasi libaki lenu. Na mkakifuatilie cheti cha kuzaliwa ndani ya siku 90 tangu mtoto azaliwe, gharama huwa ndogo na maswali huwa machache. Nendeni wote wawili. Mmoja ataje herufi moja moja, mwingine aangalie kalamu ya karani inakwenda wapi, maana Rehema na Lehema ni watu wawili mbele ya bodi ya mikopo.

Wale vijana wangu wa juma lililopita, ninyi leteni orodha zenu Jumamosi baada ya Alasiri. Bibi yenu amesema atakuwa na dagaa za kuchambua.

Na kwa anayetaka kujua kama jina la mama yangu lilipotea: lipo Kibirizi, ubavuni mwa mtumbwi wa mwanangu wa kiume, rangi nyeupe juu ya bluu. Fundi aliandika Nyandwi kwa herufi kubwa, ile N ya pili akaigeuza kinyume. Zuhura ndiye aliyelipia rangi.

Babu yenu,
mwalimu mstaafu, Ujiji