Vitabu vya kabla ya kulala: kikao cha Jumamosi kimesogezwa

Wazazi wenzangu, habari za jioni. Kikao cha Jumamosi sasa kitaanza saa 9 alasiri, si saa 4 asubuhi. Mahali ni pale pale, darasa la awali.

1. Mchango ni Sh 5,000 kwa kila familia. Umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi saa 2 usiku, maana Ijumaa asubuhi tunakwenda dukani.

2. Tutanunua vitabu vya picha vya Kiswahili vya kumtuliza mtoto: maneno machache, sentensi inayojirudia, rangi za upole, mwisho wake mtu au mnyama amelala. Hadithi za mazimwi tuziache za mchana. Tupendelee kurasa ngumu, kwani mtoto wa miaka mitatu hutaka kitabu kile kile kila usiku, na karatasi nyepesi haidumu.

3. Mabibi na mababu tunawaomba sana waje. Wao ndio wanaojua kusoma taratibu, kwa sauti inayoshuka.

Mwenye kitabu kizima ambacho mwanawe hakisomi tena, akilete.

Tafadhali jibuni hapa "Nipo" au "Sitafika" kabla ya kesho saa 6 mchana, pamoja na umri wa mtoto. Asanteni sana.