Msomaji wangu ni soja wa geti

KWA MHARIRI: Juzi mtu ameandika hapa kwa ukurasa wa barua ati Wakenya hawasomi, akamalizia na ule utani ati ukitaka kumficha Mkenya pesa, ziweke ndani ya kitabu. Huo utani jamani umechacha. Mimi naandika riwaya za Kiswahili hapa Nairobi, nimetoa mbili, ya tatu bado iko kwa kaunta buku, naandika saa kumi alfajiri kabla watoto hawajaamka na kabla sijakimbilia matatu ya kwenda kazini, maana riwaya hailipi kodi ya nyumba, na nataka niseme wasomaji wapo na wengine wananinyima usingizi.

Kitabu cha kwanza kilipotoka niliomba namba yangu ya simu ichapishwe nyuma. Mchapishaji akanionya utasumbuliwa wewe. Ni kweli. Wa kwanza kupiga walikuwa wanafunzi, na swali ni moja tu, "Madam, hicho kiko kwa silabasi?" Nikisema hapana, simu imekatwa, hata kwaheri hakuna. Kwa yale maonyesho ya vitabu pale Sarit pia ni hivyo hivyo, mzazi anakichukua, anatazama jalada, anauliza kama ni setibuku, yaani kile cha kutahiniwa shuleni, nikisema ni hadithi tu anakirudisha mezani haraka kama aliyeshika kaa la moto.

Sasa usiku mmoja saa tano na nusu simu ikalia, namba siijui. Mzee fulani, soja wa usiku huko Kileleshwa. Hakunisalimia sana, alikuwa na kesi. Akaniambia, "Mama, hapa kwa ukurasa wa tisini umesema soja alilala saa tatu akaibiwa. Saa tatu hakuna soja analala. Saa tatu wenye nyumba ndio wanaingia na magari, unafungua geti mpaka mkono unauma. Usingizi wa soja ni saa tisa, baridi ikishakuingia mifupani." Nilikaa kitandani nikacheka halafu nikaona aibu, kwa sababu mhariri wangu alikipitia, mimi nilikipitia sijui mara ngapi, na wote wawili hatujawahi kulinda geti.

Tukaongea karibu nusu saa. Anasoma na taa ya geti. Kitabu chenyewe akakiri ni ile kopi ya wizi ya kutolewa mashini, alinunua kando ya barabara mjini shilingi 150. Alipojua mimi hapo sipati kitu alinyamaza, halafu asubuhi nikaona M-Pesa, shilingi 50, "ya chai mama". Mhariri, nitakupa hesabu ucheke. Dukani hicho kitabu ni 500, ndani yake kuna kodi ya VAT ya asilimia 16 ambayo vitabu viliwekewa mwaka wa 2013, halafu duka lina chake, mchapishaji ana chake, mimi napata asilimia 10 ya kile kinachomfikia mchapishaji, na hapo tena KRA, wale watu wa ushuru, inakata asilimia 5. Yaani ile hamsini ya soja ilinizidishia kuliko angenunua dukani! (Msininukuu mkaanza kununua kopi za wizi, tafadhali.)

Sisemi setibuku ni mbaya. Watu wa rika langu wengi waliisoma Siku Njema ya marehemu Ken Walibora kwa sababu ya mtihani na mpaka leo wanaipenda. Lakini mimi kupenda kusoma nilikupata maktaba ya Kaloleni, nimekaa kwa benchi na hakuna mtu wa kuniuliza maudhui ni gani na taja mbinu tano. Nilikuwa nalia mtu akifa kwa kitabu, basi.

Sasa ombi langu. Gazeti lako linatoa kurasa za maswali na majibu ya Karatasi ya Tatu, ule mtihani wa fasihi wa sekondari, sawa, watoto wanahitaji. Hebu toa nusu ukurasa tu kwa wiki kwa mtu kama yule mzee, aandike vile alivyosoma, alichokataa, mhusika gani alimkasirisha, na sisi waandishi tujibu hapo hapo. Na msimsahihishie sarufi sana.

Yeye bado ananipigia. Nilirekebisha ile saa kwa toleo la pili, nikamtumia nakala halali, akasema karatasi ni nzuri lakini herufi zimekuwa ndogo. Wiki hii anataka kujua kama yule mjane atarudishiwa ploti yake kwa kitabu cha tatu. Nimemwambia hata mimi sijui. Akasema haya, atanipigia tena Ijumaa, ndiyo siku yuko zamu peke yake.

Mwandishi, Umoja, Nairobi