Pima pua ya karavani kabla hujaiburuta Naivasha

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa ukurasa wa barua. Najua wengi wanakuandikia juu ya karo na bei ya unga na mimi nakuja na maneno ya karavani, zile nyumba ndogo za magurudumu zinazovutwa na gari, lakini kila shule zikifungwa naziona zikiongezeka barabarani na watu wa familia wanadhani ni kama kuvuta mkokoteni. Hata mimi nilidhani hivyo.

Gari yangu ni Noah, ile ya lita mbili, tunaijaza watu saba kwenda ushago na haijawahi kulalamika. Agosti watoto wakasema wanataka kulala kando ya ziwa Naivasha lakini si kwa hema, maana hema mwaka juzi ilituvujia usiku kucha, nikatafuta nikapata jamaa huku Thika Road anakodisha karavani ndogo, vitanda vinne, jiko la gesi, tangi ya maji, kila kitu. Nikamuuliza, hii kitu ni kilo ngapi? Akacheka. "Ni nyepesi boss, hata Vitz inaivuta." Hilo ndilo jibu lote nilipewa, na mimi kwa ujinga wangu nikaridhika.

Sasa Noah haina mahali pa kufungia trela. Ni gari ya kubeba watu, chini haina zile chuma mbili ndefu kama pikapu, bodi yenyewe ndio fremu, kwa hivyo chuma ya kuvutia inafaa ishikwe na bolti kwa zile sehemu ngumu za sakafu ya nyuma. Fundi niliyempata Kariobangi hakuwa na hiyo hadithi ndefu. Alikata bomba la mraba akalichomelea kwa ile chuma ya ndani ya bampa, akapaka rangi nyeusi, saa moja na nusu kazi imeisha. Wenyewe huko wanaiita toba, na nakuhakikishia Mhariri jina ni lake, kwa sababu toba niliifanya kabla hata ya kufika Kinungi.

Kupanda kwenyewe kulikuwa shida. Kutoka Kikuyu kwenda Limuru unapita mita 2,000 juu ya bahari, na injini isiyo na tabo, ile pampu ya kusukumia injini hewa, inapoteza kama moja kwa mia ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, maana hewa ni nyepesi. Kwa hivyo hapo juu unaendesha Noah ambayo sehemu moja kwa tano ya nguvu zake zimebaki Mombasa. Injini inalia, gari inaenda 50, matatu zinakupigia honi, gia otomatiki inachemka huko chini na wewe huna habari. Watu wanaona video za Marekani, familia inavuta karavani na Sienna ama Odyssey, wanasema si hii ni minivan na hii yangu pia ni minivan? Hizo za kule zimeandikiwa kabisa kwa kitabu cha gari kwamba zinaweza kuvuta kama kilo 1,500 na kitu, na injini zake ni kubwa kuliko yetu. Fungua kitabu cha Noah yako utafute hiyo laini uone kama utaipata.

Lakini kupanda hakuui mtu, unachelewa tu. Shida ni kushuka. Tulipita Fly Over vizuri, nikaona barabara imefunguka nikaachilia mpaka 90, basi moja ikanipita kwa kasi na ule upepo wake ukasukuma karavani. Ikaanza kutikisa mkia. Kushoto, kulia, mara ya tatu ikawa inavuta na Noah yenyewe, usukani ukawa mwepesi kama wa gari ya mtoto, kwa kioo naona karavani upande huu halafu upande ule, mama watoto ananiambia "Baba Shiru! Baba Shiru!" kana kwamba nimelala. Nikakanyaga breki. Kosa. Ikazidi. Sijui ni nini ilinifanya nitoe mguu kwa kila kitu nikashika tu usukani wima, ikapunguza polepole yenyewe mpaka tukaingia kando, na breki za mbele zinanuka vile zinanukanga.

Pale kando kulikuwa na mzee wa lori amesimama anakunywa chai. Alituangalia, akazunguka karavani mara moja bila kusema kitu, akaniambia niweke mawe kwa magurudumu halafu nitoe karavani kwa gari. Nikatoa. Mzee akainama na kikombe chake bado mkononi, akashika pua ya karavani, ile chuma ya mbele inayokaa juu ya toba, na mkono ule mwingine, akaiinua. Mkono mmoja! Chai haikumwagika.

"Kijana wangu, hii haina pua, mbele hakuna uzito, ndio maana inatikisa mkia. Umebeba nini huko nyuma?"

Nilikuwa nimebeba kila kitu huko nyuma. Tangi ya maji imewekwa mwisho kabisa na nilikuwa nimeijaza, lita 80, hizo ni kilo 80. Jenereta nyuma. Gunia la makaa nyuma, kwa sababu mlango uko huko na ilikuwa rahisi kusukuma. Mzee akatuambia tufungue maji yamwagike hapo hapo, makaa na jenereta tukapeleka ndani juu ya magurudumu, mbele kidogo. Tukashuka na 60, gia ya chini, injini ndio inashika badala ya breki, na kile kitu kikatulia kama mbuzi ameshiba. Nilimuuliza mzee kama atakubali ya chai nyingine akakataa.

Niliporudi Nairobi bado nilikuwa na siku moja ya kukodi, sikulala na hilo swali la pua ilikuwa kilo ngapi. Jirani yangu anauza chakula cha mifugo na ana ile mizani ya chini ya kupima magunia. Nikapanga mizigo vile vile ilikuwa siku ya kwanza, maji nikajaza, tukaweka mbao magurudumu yawe sawa, tukapima moja moja. Gurudumu moja kilo 340, lingine 346. Pua, kilo 14. Jumla 700, na pua ni mbili kwa mia. Waingereza wanasema pua iwe tano hadi saba kwa mia ya uzito wote, Wamarekani wanataka kumi hadi kumi na tano. Chukua mwalimu unayempenda, kwa wote mimi nilianguka. Na si ati ujaze pua tu, ukizidisha mkia wa gari unalala, mbele inainuka, na Noah nyingi zinasukumwa na magurudumu ya mbele, kwa hivyo unapoteza usukani na taa zako zinamulika macho ya watu. Kilo 50 za pua ni sawa na mtu ameketi kwa bampa, lazima umhesabu kama abiria. Ndio maana safari ya pili shemeji alipanda matatu, na bado ananuna.

Kitu kingine kilichonishtua ni kwamba hiyo karavani haina breki zake. Hata Ulaya trela isiyo na breki wanaikubali mwisho kilo 750, na wanataka gari inayovuta iwe na uzito mara mbili yake. Sisi tulikuwa karibu na huo mwisho na hakuna aliyejua, hata mwenyewe. Badala ya mnyororo wa usalama, mwenye karavani alinipa waya ya kufungia ng'ombe. Indiketa ya kushoto ilikuwa haiwaki. Namba ya usajili ya trela, zile zetu zinaanza na Z, ilikuwa imeandikwa kwa kadibodi.

Ninachoomba ni kidogo tu. Anayekodisha aandike kwa mlango wa karavani uzito wake ikiwa tupu na mwisho wa mzigo, kwa rangi, si kwa mdomo, na awe na mizani hata ya magunia mteja apime pua kabla ya kutoka geti. Wale wanaokagua magari waangalie pia hizi trela ndogo, wasiangalie tu malori. Na sisi wazazi tuache kuuliza "itavuta?" tuulize itasimama aje.

Ile toba yangu niliitoa, nikafungiwa ingine ya bolti na mtu mwingine. Wiki jana nikapita Kariobangi kutafuta beringi, nikampata yule fundi wa kwanza amelala chini ya gari, cheche zinaruka, anachomelea bomba la mraba kwa bampa ya Sienta. Mwenye gari amesimama hapo na watoto wawili, wameshika mito ya kulalia.

Baba Shiru,
Kasarani, Nairobi