Mwacheni mtoto aanze na kitabu alichoshika

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo moja limenikaa rohoni tangu Jumapili fulani pale soko la Kibuye. Nilikuwa na mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha pili, tukapita kwa muuza vitabu vya mtumba akaona kimoja, Tress of the Emerald Sea, cha Brandon Sanderson wa Marekani. Akakishika, akasoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama hapo hapo kwa jua, akatabasamu. Kumbe nyuma yetu kuna kijana anazijua hizo stori za fantasi, akamwambia, "Dada, hicho wacha, hutaelewa, hiyo ni dunia moja kubwa iko na vitabu zaidi ya kumi, anza na vile vingine kwanza." Msichana akakirudisha polepole. Akaniambia, "Twende tu, Anti."

Tulifika steji nikashindwa kupanda matatu, nikarudi nikakinunua. Nikakisoma mimi kwanza, mtu sijawahi kusoma hata kimoja cha huyo mwandishi, na nasema wazi yule kijana alikuwa na nia njema lakini alikosea.

Hiki kitabu kinaanza na kinaisha chenyewe. Kuna msichana anaishi kisiwani, anapenda kukusanya vikombe, kijana anayempenda anapelekwa mbali anaishia mikononi mwa mchawi wa kike, basi msichana anaamua kumfuata, na hiyo inakutosha kuanza safari. Bahari yenyewe si ya maji. Ni spora za kijani, kama vumbi, zinamwagika kutoka mwezini, na miezi iko 12, kila mmoja na bahari yake, na tone dogo tu la maji likigusa hizo spora zinachipuka saa hiyo hiyo zinakuwa mitambaazi ya kuua mtu. Meli inasonga tu wakati hewa inapanda kutoka chini ikizichemsha, hewa ikikatika meli inasimama hapo katikati. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikafikiria Dunga, ufuo wetu wa wavuvi hapa Kisumu kando ya Ziwa Victoria. Sisi tangu miaka ya 1990 tunaona ziwa likigeuka kijani, gugumaji linaingia usiku, asubuhi maboti hayatoki, mvuvi anakwama humo ndani anaona nyumba yake na hawezi kufika. Sasa nani ataniambia mtoto wa Kisumu hataelewa bahari ya kijani?

Ni kweli dunia yenyewe ni pana. Anayesimulia, anaitwa Hoid, anatokea kwa vitabu vingine vingi vya huyu mwandishi, na kuna mahali mchawi anachora alama hewani. Mimi nilipita tu, uchawi ni uchawi. Baadaye nikapata Elantris, ile ya 2005, riwaya yake ya kwanza kuchapishwa, nikakutana na alama zile zile nikashtuka kwa furaha kama mtu amesikia lugha ya kwao ndani ya matatu Nairobi. Kutojua hakukunipunguzia kitu.

Na hata kwetu ndivyo tulivyolelewa. Nani amewahi kuuliza Abunuwasi ya kwanza ni gani? Nyanya yangu alinisimulia Simbi Nyaima, kile kijiji kilizama karibu na Kendu Bay kwa sababu walimfukuza bibi kizee, miaka mingi kabla nisikie ya Nyamgondho, mvuvi wa Gwassi aliyevua mwanamke mzee ziwani, akatajirika, akamtukana, mama akarudi majini na ng'ombe wote wakamfuata. Ziwa ni lile lile, na nilikuwa mdogo nikidhani hata yule mzee ni mmoja. Hakuna mtu alinitoa jikoni ati sijasikia za mwanzo.

Halafu tuangalie hali ilivyo. Vitabu vya mtumba haviji kwa mpangilio, unapata cha tatu, cha kwanza hukioni maisha yako yote. Ndiyo maana riwaya inayojisimamia ni mali, hasa kwa mtoto ana mia mbili mfukoni. Na asiye na hiyo mia mbili, huyu Sanderson aliweka Warbreaker nzima bure kwenye tovuti yake, hiyo pia inasimama peke yake. Walimu, wauza vitabu, watu wa maktaba, mtoto akishika kitabu tafadhali mwambieni soma. Nawe Mhariri, mkichambua riwaya za aina hii, wekeni hata sentensi moja kama inajisimamia au la, sisi wanunuzi inatusaidia sana.

Yule msichana alikimaliza kwa siku nne. Sasa ananiuliza huyo Hoid alitoka wapi, na swali hilo nimemwachia alitafute mwenyewe.

Msomaji wako,
Manyatta, Kisumu