Mtakwimu Mkuu, huo mstari wa nguvukazi umepimwa kwa rula mbili

Salaam Mtakwimu Mkuu,

Nakuandikia kuhusu ile grafu ya nguvukazi, yani walio kwenye ajira pamoja na wanaoitafuta, inayokaa mbele kwenye ripoti zenu, yenye mstari mmoja unaopanda toka miaka ya nyuma mpaka leo. Wabunge wanaisoma, waandishi wanaibeba kama ilivyo, na anayetafuta kazi anaambiwa hali ndo hiyo. Lakini ule mstari sio mmoja, umepimwa kwa rula tofauti afu ukaunganishwa kimyakimya.

Chukua mama anayelima chakula cha kula na wanawe, hauzi chochote. Mdadisi anafika anamuuliza, siku saba zilizopita ulifanya kazi yoyote ya malipo au faida, hata kwa saa moja tu? Kwa viwango vya Shirika la Kazi Duniani (ILO) vya 1982 kile kilimo chake kiliweza kuhesabiwa ajira, kwa hiyo yumo kwenye nguvukazi. Kwa viwango vipya vya ILO vilivyopitishwa Geneva mwaka 2013 kuzalisha kwa ajili ya nyumbani kwako ni kazi, ndio, ila sio ajira, sasa kama hatafuti kibarua basi katoka kwenye nguvukazi kabisa. Shamba lile lile, jembe lile lile, mgongo unauma vile vile, ila kwenye jedwali lenu kahamishwa. Wakiwa wengi kama yeye mstari unashuka ghafla, na mtu atasimama kwenye mkutano aseme wananchi wameacha kufanya kazi.

Sipingi viwango vipya, tena naviona ni bora kwa sababu vinaonyesha wazi nani analipwa na nani anahenyeka bila malipo. Ninachodai ni daraja kati ya vipimo viwili.

Na kuna suala la nani anajibu dodoso. Mara nyingi mtu mmoja anajibu kwa niaba ya kaya nzima, baba anaulizwa mkewe anafanya nini anasema yupo tu nyumbani, kumbe mwenzie jioni anashona nguo za watu na analipwa, na saa moja tu ya hiyo kazi ingetosha kumwingiza. Marekani waliona maswali yao ya zamani yanazipoteza kazi za namna hii, hasa za wanawake, wakabadilisha dodoso Januari 1994. Ila kabla ya hapo waliendesha utafiti mpya sambamba na wa zamani, toka Julai 1992 mpaka Desemba 1993, ili wajue tofauti ipi imeletwa na maswali na ipi imetoka kwa watu wenyewe. Hiyo ndo heshima kwa msomaji.

Halafu sensa. Utafiti wa kaya ni sampuli, idadi kamili mnaipata kwa kukuza hiyo sampuli kwa makadirio ya idadi ya watu yanayotegemea sensa, kwa hiyo makadirio yakibadilika nguvukazi inabadilika hata kama hakuna aliyepata wala kupoteza kazi. Januari 2022 huko huko Marekani nguvukazi ilionekana imeongezeka kwa karibu watu milioni 1.4 ndani ya mwezi mmoja, lakini marekebisho ya makadirio peke yake yaliongeza zaidi ya milioni 1.5, yani ukiyatoa ilikuwa imepungua kidogo. Na wao waliyaandika hayo kwenye taarifa ile ile iliyotoa namba, mtu asome aelewe.

Najua kuna hofu kwamba mkionyesha mapengo watu wataacha kuwaamini. Mimi naona kinyume chake. Uingereza Oktoba 2023 walisitisha kwa muda kutoa takwimu za utafiti wao wa nguvukazi kwa sababu wanaojibu walikuwa wamepungua mno, na naamini kunyamaza kungewagharimu zaidi.

Kwa hiyo naomba haya, Mtakwimu Mkuu. Kateni mstari kwenye grafu kila mwaka kipimo kilipobadilika, na pembeni mwandike kimebadilika nini, maana ya ajira au umri au maswali. Sensa mpya ikitoka rudini nyuma mkokotoe upya miaka iliyopita. Data ghafi, mkishaondoa majina na chochote kinachomtambulisha mtu, ziwekeni wazi ili sisi wenyewe tuweze kumhesabu yule mama kwa viwango vyote viwili. Na safari nyingine mkibadilisha dodoso, endesheni yote mawili kwa pamoja walau msimu mzima wa kilimo, toka kupanda hadi kuvuna, kabla hamjaliacha la zamani.