Kwa nini kusafisha ardhi kunazidi bei ya miche

Hakuna ankara yetu ya kutengeneza bustani inayopita bila swali hili: "Yaani kutoa majani ndiyo bei hii? Nina kijana wangu wa bustani, nyie leteni miche tu." Juzi mteja mmoja wa Mbezi Beach akatuandikia kwamba tumemwibia, karisa zetu, ule mmea wa miiba na maua unaotambaa kufunika ardhi, zimemezwa na majani. Tukaenda kuangalia. Miche ilikuwa mizima kabisa, imeshika, ina maua. Tatizo lilikuwa ndago.

Kijana wake alilima kwa jembe, akasawazisha, akapanda siku ileile. Kwa majani mengine ingetosha. Lakini ndago ina vijiazi chini ya udongo, vimeungana kama shanga kwenye uzi. Jembe likikata uzi, vijiazi vilivyokuwa vimelala navyo vinachipua. Hapo hujapalilia, umepanda.

Sisi tunachimba kwa uma, tunachekecha udongo, tunamwagilia makusudi ili iliyobaki ichomoze, tunaitoa, tunarudia. Kila vijana wakirudi ni nauli na posho. Bei inatoka hapo.

Na karisa ikishatambaa, palizi haiwezekani tena. Miiba yake ina ncha mbili, mkono hauingii. Kigamboni tulilazimika kung'oa bustani nzima ya namna hiyo. Mwenye nyumba akalipia miche upya, na kusafisha kulekule alikokukwepa mwanzo.

Kuhusu miche ya bei poa ya barabarani: mingi ni ya mbegu, nayo haifuati mama. Inaweza kwenda juu ikakupita kimo. Yetu ni vipandikizi vya aina inayotambaa, na hata hiyo ikitoa tawi lililosimama wima, likate kuanzia shinani. Msiinyoe juu juu kama uzio, jamani, maua yanatokea kwenye ncha za matawi, kisha mnapiga simu kuuliza mbona haichanui!

Nafasi kati ya mche na mche ni sentimita 60. Mwanzoni panaonekana kipara, vumilieni, wekeni matandazo. Mwagilieni vizuri hadi ishike, halafu punguzeni. Upepo wa chumvi inauhimili, maji yanayotuama yanaiozesha mizizi.

Anayetaka miche tu bado tunamuuzia. Ila kwenye risiti tutaandika kwamba ardhi hatukuisafisha sisi.