Kulanti Ikipungua, Uliza Inakwenda Wapi

Wateja wetu wengi hapa Tabata wanatembea na dumu la maji kwenye buti. Ukimuuliza mwenyewe, jibu ni lilelile: "Fundi, gari halina shida, ila linakunywa maji kidogo." Anaongeza asubuhi kabla ya kwenda Posta, anaongeza jioni akirudi, maisha yanaendelea. Sisi tunauza kulanti, yaani maji yenye dawa ya kupoozea injini, kwa hiyo kibiashara tungenyamaza tu. Lakini gari lisilo na ubovu halinywi maji. Mfumo wa kupoozea injini umefungwa. Kinachozunguka humo leo ndicho kitakachozunguka mwezi ujao. Kwenye tangi la akiba kinaweza kushuka kidogo sana baada ya miezi mingi, na hilo halina neno. Kikishuka kila wiki kuna mahali kinatokea, na hapo ndipo pa kushughulikia kabla hujanunua dumu jingine.

Tunaulizwa pia: "Dar hakuna barafu, kulanti ya nini?" Ni kweli, mchanganyiko wa nusu kulanti nusu maji hauwezi kuganda mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri, na huko sisi hatufiki. Kinachotuhusu ni upande wa joto. Maji matupu hapa pwani yanachemka kwenye nyuzi 100. Mchanganyiko ule unasogea hadi kama 107, na kifuniko cha rejeta (kile kipoozeo cha mbele kinachopoza maji ya injini) kikiwa kizima kinashikilia presha na kuusukuma kupita 120. Injini nyingi hufanya kazi kwenye nyuzi 90 hivi. Sasa jiweke Mandela Road saa nane mchana mwezi wa pili, foleni haisogei, AC imewashwa na kondensa yake, kile kipoozeo cha AC mbele ya rejeta, inapuliza joto kwenye rejeta, upepo hakuna, linalotegemewa ni feni tu. Hizo nyuzi za ziada ndizo zinazokufikisha Buguruni salama.

Halafu kuna kutu. Ndani ya kulanti mna dawa ya kulinda alumini, chuma na sili ya pampu ya maji. Maji ya kisima hayana dawa hiyo, na visima vingi vya mjini kwetu vina chumvi. Rejeta iliyolishwa maji hayo tunaijua kabla hatujaifungua: mdomoni pana ukoko mweupe, ukiingiza kidole kinatoka na tope la kahawia. Ndani, vile vijia vyembamba vya kupitisha maji vimeziba nusu. Mwenye gari anaambiwa rejeta ni mbovu, anunue nyingine kwenye maduka ya spea ya Gerezani. Ananunua, kisha anaijaza maji ya kisima kilekile.

Namna ya kupima

Pima asubuhi kabla hujawasha gari, likiwa limesimama mahali tambarare. Kwenye tangi la akiba, lile la plastiki linaloonyesha ndani, pembeni ya rejeta, kuna alama mbili: LOW na FULL, au MIN na MAX. Kulanti iwe katikati yake. Usijaze mpaka shingoni, maana ikipata moto inatanuka na inahitaji nafasi.

Ila tangi lisikudanganye. Tumepokea magari yenye tangi limejaa vizuri huku rejeta ikiwa tupu. Gari likipoa, rejeta inatakiwa ivute kulanti kutoka kwenye tangi kupitia kale kampira kadogo. Kampira kakipasuka, au vali ya kifuniko ikifa, inavuta hewa badala yake. Kwa hiyo gari lenye kifuniko juu ya rejeta, kifungue na hicho uangalie ndani. Kulanti inatakiwa ionekane hapohapo mdomoni.

Likiwa limepoa, tunasisitiza. Kifuniko cha rejeta ya moto kikifunguliwa presha inaachia ghafla, na kilichokuwa kimetulia kinachemka papo hapo na kukurukia usoni na kifuani. Kitambaa hakisaidii. Kwenye magari mengi ya Ulaya, BMW na Volkswagen kwa mfano, hata tangi la plastiki lina presha, kwa hiyo kifuniko chake nacho usikiguse likiwa la moto. Kipimo chetu ni mpira wa juu wa rejeta: kama huwezi kuushika na kuubinya kwa mkono bila kuungua, bado.

Kuongeza

Soma dumu. Kama limeandikwa CONCENTRATE, changanya na maji nusu kwa nusu. Kama limeandikwa 50/50 au READY TO USE, mimina kama ilivyo. Kulanti tupu bila maji siyo sifa, kwa sababu maji ndiyo yanayobeba joto vizuri zaidi. Ukiweka tupu injini inapoa vibaya kuliko ungechanganya. Maji ya kuchanganyia yawe yale yasiyo na madini yoyote, ya kuongezea kwenye betri. Hapo kuwa makini dukani: ukisema tu "maji ya betri" unaweza kupewa maji makali, yaani tindikali. Hakikisha kabla hujalipa.

Rangi siyo kipimo. Toyota nyingi za siku hizi hutumia ya pinki inayokuja ikiwa imeshachanganywa, na Toyota wenyewe wanasema ibadilishwe mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000, kisha kila 80,000. Za zamani zilitumia nyekundu. Honda na Subaru wana bluu na kijani zao. Lakini hakuna sheria inayomlazimisha mtengenezaji kufuata rangi fulani, na pinki ya dukani inaweza kuwa maji yaliyotiwa rangi. Angalia aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Na zile kilomita 160,000 zisahau kama gari lako limeshachanganyiwa kila kitu njiani. Hilo linahitaji kumwagwa lote, kusafishwa na kuanza upya. Injini ndogo ya 1.5 hubeba kama lita 5 hivi, siyo gharama ya kukukosesha usingizi.

Kama rejeta ilishuka sana, hewa imeingia. Washa gari kifuniko kikiwa wazi tangu lilipokuwa baridi, weka hita kwenye joto la mwisho (ile hita ambayo tangu ununue gari hujawahi kuigusa), uache injini ipate moto taratibu huku unaongeza kadiri mapovu yanavyotoka, ikianza kupanda mdomoni ufunge.

Inakotokea

Kabla ya yote, maji safi yanayodondoka chini ya gari upande wa abiria baada ya kuegesha ni ya AC. Yapo kila siku kwa joto hili la Dar, na kila siku kuna mtu anakuja mbio kwa ajili yake. Kulanti ina rangi, inateleza ukiisugua vidoleni, na ina harufu tamutamu. Ikikauka inaacha unga wa pinki au mweupe, na unga huo ndio ushahidi tunaoutafuta kwanza: kwenye maungio ya mipira na klipu zake, kwenye pampu ya maji, na pale plastiki ya rejeta inapobanwa na alumini. Magari yetu mengi yalishatumika Japani miaka kadhaa kabla hayajashuka bandarini, na plastiki ile ina umri wake. Zulia la mbele likilowa kitu cha kuteleza na kioo kikashika ukungu usiofutika, rejeta ndogo ya hita inavuja.

Kama nje kote ni kukavu, mashaka yanahamia ndani. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, au bomba la moshi linatoa moshi mweupe mzito hata gari likiwa limeshapata moto, gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake cha juu) huenda imeungua. Usiliendeshe kuja kwetu, tupigie. Mafuta ya pinki yaliyochafuka ndani ya rejeta ya gari la otomatiki ni jambo jingine: kipozeo cha oili ya gia mara nyingi kiko ndani ya rejeta, na kikitoboka kinaiua gia pia.

Kuna tiba mbili za mtaani tunazokutana nazo mno. Ya kwanza ni kutoa themostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, "ili maji yapite vizuri". Gari linaacha kuchemsha kwa muda, halafu injini haifikii joto lake, inakula mafuta, na rejeta iliyoziba bado imeziba. Ya pili ni kuifunga feni moja kwa moja, izunguke tangu unapowasha. Ukiwa njiani na fyuzi au rilei imekufa, sawa, fika nyumbani. Kuiacha hivyo mwaka mzima ni kuficha ugonjwa, na siku feni itakapoungua hutajua.

Na usisubiri taa. Passo na Vitz nyingi hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu likiwa baridi na nyekundu likishapita kiasi. Maji yakiisha kabisa, sensa inabaki inapima mvuke na taa inaweza kuchelewa au isiwake. Ikiwaka, zima AC, washa hita, tafuta pembeni, zima injini. Wale vijana watakaokuja na ndoo wana nia njema, lakini maji baridi kwenye injini inayochemka yanapinda hedi. Subiri nusu saa au zaidi. Likishapoa, hata maji ya bomba yatakusogeza, yamwage ukifika.

Kulanti inayobaki usiihifadhi kwenye chupa ya maji ya kunywa. Ni sumu, na ladha yake ni tamu, mtoto au paka hawezi kujua.

Ukija kwetu tunaanza na pampu ya presha: tunaifunga mdomoni mwa rejeta, tunapandisha mpaka namba iliyoandikwa kwenye kifuniko, 0.9 au 1.1, na kutazama mshale. Ukishuka tunafuata unyevu mpaka tuupate, na wewe unaonyeshwa. Kifuniko tunakipima pia, kwani mara nyingine tatizo lote ni hicho tu. Bei tunakwambia kabla hatujafungua nati. Lete gari asubuhi au uliache tangu jana yake, kwa sababu likiingia la moto hatutaligusa mpaka lipoe.